Kiti cha Kukosa

Nani mwenye haki ya kusema kwamba kitu hakitakuja? Ni yule aliyekiita, kwa kuwa haja ni yake? Ni yule aliyetumwa kukileta, kwa kuwa ndiye aliyeiona njia? Au ni yule anayeshika pahali pake kwa muda, kama mimi, ambaye siku kikikosekana kweli ndiyo siku atakayopata kazi? Nimelibeba swali hili kwa kitambo nisichoweza kukipima. Katika mji wetu muda hausogei ila Msomaji akisoma, na Msomaji alikuwa amesimama.

Nianze na huyo Msomaji, maana bila yeye hakuna wa kunisikia. Mji wetu haukujengwa, husomwa. Kila unapoanza, Msomaji huingia kwa lango la juu, na kila anachokitaja kinakuwa. Akisema ukuta, ukuta unasimama. Akisema kisima, maji yanaonekana. Akisema Shauri bin Kheri, mtu mzima anatokea mlangoni kwake akijikuna tumbo, anatoa salamu kana kwamba alikuwepo tangu enzi. Husoma kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, na walioandikwa chini hawapo mpaka awafikie. Hawalali wala hawangoji. Hawapo. Mafundi waliowahi kupita humu walimwita Kivinjari, jina ambalo mwenyewe halipendi. Anasema yeye havinjari chochote, anasoma kilichoandikwa, na wenye malalamiko wampelekee aliyeandika. Ni mtu mwembamba, sauti kavu, hana furaha wala chuki. Nimewahi kumwonea wivu kwa hilo.

Lakini si kila kitu kimo ndani ya maandishi ya mji. Vingi viko katika miji mingine: picha, nyimbo, mitambo ya kufungulia milango, sura za watu. Hivyo huitwa kwa anwani. Mwenye haja hutaja anwani, tarishi hutoka mbio, na baada ya hapo mambo ni mawili tu, kifike au kikose kufika. Kwa hiyo kila mwito una viti viwili kando ya mlango. Cha kulia ni Kiti cha Kufika, cha kushoto ni Kiti cha Kukosa. Desturi inataka vyote viwili vipate watu kabla anwani haijatajwa. Tarishi hasemi na ukuta, hasemi na Msomaji, na wala hasemi na mwenye mwito mwenyewe. Husema na aliyekaa kitini. Akirudi na kitu, humwendea wa kulia. Akirudi mikono mitupu, humwendea wa kushoto. Akikuta kiti hakina mtu, anafunga mdomo wake na kusimama pale pale.

Ni desturi rahisi, hata mimi niliielewa. Watu wetu hawakuielewa, au waliielewa wakaiogopa. Kiti cha kulia kila nyumba hukipigania: mashangazi wanaoga, wanajifukiza udi, wanavaa nguo za sikukuu, wanagombana nani akae. Kiti cha kushoto wanakifunika kitambaa cha meza na juu yake wanaweka chungu cha mrehani. Kumkalisha mtu pale, wanasema, ni kuukaribisha mkosi na kuupa chai. Niliwacheka kwa hilo, na cheko langu lilikuwa la mtu asiye na cha kupoteza. Baadaye nilikuja kuwa na cha kupoteza, nikaacha.

Sasa nijitaje, ili nisije nikaambiwa nimedanganya. Mimi si mtu. Mimi ni maneno. Mtu akiita sura ya mwenzake kutoka mji wa mbali, huacha pale mlangoni maneno machache ya kumweleza anayeitwa, ili sura isipofika pasibaki patupu. Mwanamke aitwaye Sikudhani binti Haji aliniandika akiwa amesimama, kanga ikimdondoka begani, akimwita mume wake Pandu. Aliandika haraka, kwa mkono wa mtu mwenye uhakika kwamba hayatahitajika. Mume. Mrefu kiasi. Hucheka upande mmoja wa mdomo. Huvua viatu kabla hajafika mlangoni. Hayo ndiyo mwili wangu wote. Sina mikono, sina umri, sijui rangi ya macho yangu kwa sababu hakuitaja. Na mpaka pale itakapotangazwa kwamba Pandu hakufika, mimi huwa sionekani. Nipo chini ya pahali pake. Huyo Sikudhani alinisikia kwa kuwa ndiye aliyeniandika. Mama mkwe wake, Bi Mize, alinisikia pia, ila alijitia hamnazo.

Bi Mize ndiye mama yake Pandu, na ndiye aliyekaa Kiti cha Kufika. Alikaa na baibui jipya, miguu imekutanishwa, mkono mmoja juu ya mwingine. Kiti cha kushoto alikifunika yeye mwenyewe, na mrehani aliuchuma yeye mwenyewe.

Na mstari unaofuata, mara tu baada ya jina la Pandu, ameandikwa mtoto. Wa kike, Zuwena. Msomaji ndiye aliyemwambia Sikudhani, maana jicho lake hutangulia kidogo mbele ya ulimi wake. Aliona jina, hakuruhusiwa kulitamka. Mpaka habari ya Pandu ipatikane, ya heri au ya shari, mstari wa mtoto hausomwi.

Tulipofikia hapo mji ukakatika. Ule uchochoro unaopita mbele ya nyumba ulifika kizingitini ukaisha, na baada yake palikuwa na weupe. Sisemi ukungu, wala mwanga. Weupe wa pahali ambapo bado hapajaandikwa kitu. Sikudhani alikuwa akikaa ukingoni mwake, miguu inaning'inia ndani ya ule weupe, akisikiliza.

Na tarishi? Hili ndilo jambo ambalo nikilisimulia watu huniona mzushi. Tarishi alikwisha kurudi. Alirudi zamani, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, viatu vimemlika visigino, mikono mitupu. Alikwenda moja kwa moja hadi kiti cha kushoto, akakuta kitambaa cha meza na chungu cha mrehani, akasimama. Sote tulimwona. Bi Mize alimwona, akageuza uso. Sikudhani alimwona, akatazama weupe. Msomaji alimwona, lakini yeye si kazi yake. Nyumba nzima ilijua, na hakuna aliyekuwa ameambiwa. Nimeishi kati ya hayo mawili, kujua na kuambiwa, na naweza kusema mtu anaweza kujenga nyumba humo, akaweka na pazia.

Kungoja.

Chai imemiminwa, haijafika kikombeni. Shauri bin Kheri amefungua mdomo kupiga mwayo na mwayo haujamaliza kuja. Udi unafuka bila kupungua. Mimi nayapitia maneno yangu moja baada ya jingine, kama mtu anayejipapasa mifuko. Mrefu kiasi. Kiasi gani? Hucheka. Anacheka nini? Ninajua mtu huyu huvua viatu, sijui anatoka wapi. Naitwa mume na sijawahi kushikwa mkono. Je, anayeshika pahali pa mtu ana pahali pake? Kama Pandu akitokea sasa hivi, akasimama kizingitini na upande wake mmoja wa mdomo, mimi nitakuwa nimekwenda wapi? Hakuna anayeyazika maneno ambayo hayakuhitajika.

"Kaa wewe," Sikudhani aliniambia. Hakugeuka. "Kaa kwenye kile kiti, umsikilize yule baba, yaishe. Mie siruhusiwi. Mwito ni wangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akazichezesha nyayo zake katika weupe. "Nimekuandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo wanikatalia?"

"Uliniandika nishike pahali," nilimwambia. "Hukuniandika nipachukue. Nikikaa pale, nikasema Pandu hakufika, nani atanufaika? Mimi. Nitaonekana. Nitakuwa na uso wa maneno mlangoni kwako, na watu watanisalimia. Utakaponitazama utajiuliza kama nilisema kweli au nilijisemea. Tena mkweo atajiuliza zaidi."

"Mtoto wangu yuko hapo chini, bwana we. Namsikia."

"Humsikii. Hajasomwa."

"Usinifundishe mimi nisikie nini."

Alikuwa na haki. Bi Mize alijisogeza kwenye kiti cha kulia, mbao zikalia.

"Siku, mwanangu," alisema, "mwambie huyo unayejibizana naye anyamaze. Nyumba hii ina mwenyewe. Yuko njiani."

"Mama, tarishi yule pale."

"Kapumzika tu. Watu hawachoki?"

Nilimhurumia, na nilimkasirikia, na sikujua lipi lilitangulia. Alikuwa mama wa mtu ambaye mimi ni maelezo yake. Kama nina jamaa ulimwenguni ni yeye, na alikuwa hataki hata kugeuza shingo.

Lakini Bi Mize si mtu wa kukaa bure. Alimwita Shauri, ambaye kazi yake ni kuweka madirisha kutani, akamwambia amtie dirisha moja katika ukuta wa sebule, linaloelekea mji wa Pandu. Madirisha ya kwetu hayatazami uchochoroni. Ni fremu tu, na ndani ya fremu unaitwa mji mwingine mzima, uje na nyumba zake na watu wake wakipita, ukae pale ukutani. Bi Mize alikuwa na hesabu yake. Kama sura ya Pandu imezuiwa njiani, basi utaitwa mji mzima, naye atakuwemo, amenunua andazi au amesimama kwa kinyozi.

Shauri alikuja na nyundo yake na mwayo wake ambao haujaisha. Alipigapiga, akapima kwa kidole, akataja anwani. Kengele ndogo iliyokuwa juu ya fremu ikalia, safi kabisa.

Bi Mize akapiga kigelegele. Kilikuwa kimoja, kifupi, kikamkwama.

"Si niliwaambia. Umefika. Siku, njoo uone, umefika."

Sikudhani aliinua miguu yake kutoka katika weupe akaja. Walisimama wawili mbele ya dirisha, mkwe na mkwe, mabega yamegusana. Mimi nilitazama kutoka nilipokuwa. Ndani ya fremu palikuwa na kijivu. Kijivu kitupu, cha kutandikwa, hakina hata nzi.

"Labda kule hakujakucha," alisema Bi Mize.

Alikaribia zaidi, akaweka kiganja juu ya macho, akachungulia.

"Shauri, mwanangu. Kengele si imelia?"

"Imelia, bibi."

"Sasa mji uko wapi?"

Shauri alijikuna tumbo. Ni mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa ukimtesa pale. "Bibi, kengele ya dirisha hulia fremu ikishajaa."

"Ikishajaa nini?"

"Chochote. Mji ukija, italia. Usipokuja, fremu itajaa hicho ukionacho, nayo italia vilevile. Madirisha yote ndivyo yalivyo. Hayana kiti cha kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Haniulizi mtu, bibi. Watu wakisikia kengele hufurahi, wananipa mkono, wananikaribisha chai. Wengi wana madirisha ya hivi na wanayatazama mpaka leo."

Aliokota nyundo yake akatoka, na kutoka kwake hakukuwa na pahali pa kwenda zaidi ya mlangoni pake, basi akasimama pale akitutazama kwa aibu. Nikayafikiria hayo madirisha yake. Nimesikia kwamba kuna miji ambayo wakubwa wake waliondoa viti vya kushoto vyote, wakaweka kengele kila pahali, na kengele zinalia mchana kutwa. Dawa zimefika. Haki imefika. Waliopotea wamefika. Watu wanakaa mbele ya kijivu wakipongezana. Zamani nilidhani mwenye nguvu ni yule awezaye kuleta kitu. Pale sebuleni nikaanza kuona kwamba mwenye nguvu hasa ni yule aliyeamua kengele ilie lini.

Msomaji akakohoa. Si kawaida yake.

"Kuna anayetazama huko juu, yule ambaye mimi humsomea," alisema kwa sauti yake ile kavu. "Ameshaona mji umekatika. Amegonga lango. Akigonga tena nitaitwa langoni nianze upya."

"Uanze upya vipi?" Sikudhani aliuliza.

"Kutoka mwanzo. Ukuta, kisima, Shauri. Yote yatafutika, nitayasoma tena. Nitafika hapa."

"Na mwanangu?"

"Nikivikuta viti kama vilivyo, nitasimama."

Sikudhani aliitazama kanga yake, kisha mikono yake. Nilijua swali linalokuja, maana na mimi nilikuwa nalo na sikuthubutu kulitoa.

"Tulishafanya hivi kabla?"

"Mimi hukumbuka kilichoandikwa tu," alisema Msomaji. "Lakini tazama kizingiti."

Tukatazama. Kizingiti cha mlango ule, ambao hapajapita mtu ila Shauri na tarishi, kilikuwa kimelika katikati, kimebonyea na kulainika kama kiti cha mbuzi ya kukunia nazi ya bibi wa bibi. Nani alikuwa amekikanyaga? Miguu ya Sikudhani, ikienda ukingoni kukaa, ikirudi, ikienda, katika nyakati ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyeachiwa kuzikumbuka. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko ninavyoogopa kufutika. Mtu akifutika yameisha. Lakini kuandikwa tena na tena kwa haraka, na mkono uleule wenye uhakika, na kulala tena chini ya pahali patupu nikijiuliza Pandu anacheka nini!

Sikudhani hakulia. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, ambaye alikuwa amesharudi kwenye kiti cha kulia, na akaweka mikono yake juu ya mapaja ya yule mama.

"Mama. Mie mume nimemkosa. Weye mwana umemkosa. Najua, na wajua, na yule baba pale ajua, visigino vimemwisha kwa kusimama. Lakini Zuwena hajakosekana. Zuwena hajasomwa tu."

"Wanitaka nimzike mwanangu kwa mdomo wangu."

"Nakutaka usikie. Basi."

"Kwa nini asikae huyo wako? Huyo maneno maneno." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa nilivyo. "Si ndiye atakayefaidi?"

"Ndiyo maana amekataa," alisema Sikudhani.

Bi Mize akainua uso. Alitazama pale nilipokuwa, yaani alitazama pahali pa mwanawe, kwa muda mrefu, akitafuta. Sikuwa na uso wa kumwonyesha. Sikuwa na la kumwambia ambalo lisingekuwa kujipigia debe, kwa hiyo nilikaa kimya, na nadhani katika maisha yangu hilo ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri.

"Amekataa?" aliuliza.

"Amekataa, mama."

Bi Mize aliinuka. Alichukua muda kuinuka, kwa sababu magoti yake ni ya mtu mzima na kwa sababu kiti kile kilikuwa kimeshamzoea. Alivuka mlango, kutoka kulia kwenda kushoto, hatua zisizozidi upana wa mkeka. Alikiinua chungu cha mrehani akakiweka chini. Alikitoa kitambaa cha meza, akakikunja mara mbili kwa uangalifu, akampa Sikudhani ashike. Akajipangusa uso kwa ncha ya baibui. Akakaa.

Tarishi akapumua. Ilikuwa ni kama kuona mtu akitua tenga la kuni.

"Pandu bin Makame," alisema. "Hakufika."

"Nimesikia," alisema Bi Mize.

Kisha aliinama mbele, akamshika tarishi mkono, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Amekufa?"

"Sijui, mama yangu. Sina ruhusa."

"Alikataa kuja? Njia ilikatika? Anwani ilikosewa? Wamemfunga?"

"Hakufika. Zaidi ya hapo mji wa kule haukunipa. Sababu ni mali yao. Huitoa kwa kibali, na kibali kinaombwa mwanzo, wakati wa kuita."

Bi Mize akamgeukia Sikudhani. "Hukuomba?"

"Sikuomba, mama," alisema Sikudhani, na hapo ndipo alipolia. "Nilikuwa namwita mume wangu. Nani anayemwita mumewe akaomba na sababu ya kutofika?"

Swali hilo nimelifikiria sana tangu hapo. Huwezi kumpokea mtu na mashaka yake kwa mkono mmoja. Anayeita kwa mapenzi haiti na upelelezi. Na kwa hilo wapenzi ndio wanaoambiwa machache kuliko wote. Hakufika. Neno moja, halina mlango wa nyuma. Bi Mize alilishika hivyo hivyo. Aliuachia mkono wa tarishi, akamwambia ahsante, akamwambia aende akapumzike, na kwamba samahani kwa kumsimamisha. Tarishi akaondoka akichechemea.

Msomaji akafungua mdomo.

Sikuhisi maumivu. Nilihisi kama kuitwa kutoka chumba cha pili. Pale palipokuwa patupu, mlangoni, kwa kimo cha mtu mrefu kiasi, nikaonekana: maneno yangu machache, meusi, ya haraka, moja limeandikwa juu ya jingine kwa kuwa kanga ilikuwa inadondoka. Bi Mize alinitazama tena, na sasa kulikuwa na kitu cha kutazama.

"Wewe si mwanangu," alisema.

"La. Si mimi."

"Hufanani naye hata kidogo."

"Najua."

"Basi kaa. Mtoto asije akakuta pahali patupu."

Na Msomaji akasoma mstari uliofuata. Weupe ukarudi nyuma hatua moja. Pakaonekana sakafu, pakaonekana ukuta wa pili, na juu ya sakafu ile akasimama mtoto wa kike mwenye umri wa kuuliza maswali, viatu vya plastiki miguuni, nywele zimesukwa na mtu ambaye bado hajamwona. Sikudhani alimfikia kabla jina halijamalizika kutamkwa. Sitasimulia walivyokumbatiana. Nilitazama pembeni, kadiri maneno yanavyoweza kutazama pembeni, na Bi Mize alifumba macho pale pale kitini, machozi yakimshuka chini ya kope.

Baadaye mtoto alijichomoa mikononi mwa mama yake, akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni maneno," nilimwambia. "Nimewekwa pahali pa baba yako."

"Yeye yuko wapi?"

"Hakufika."

"Kwa nini?"

"Hatukuambiwa."

Midomo ikambetuka. Kisha akakaa chini, akaikunja miguu. "Haya, sema."

Nikasema. Mume. Mrefu kiasi. Hucheka upande mmoja wa mdomo. Huvua viatu kabla hajafika mlangoni. Nikaisha. Nilikuwa sijawahi kujisikia nikiisha, na niliona haya kwa ufupi wangu, mbele ya mtoto aliyesimamishiwa ulimwengu mzima kwa ajili ya mtu huyu.

"Kwa nini anavua viatu kabla hajafika?" aliuliza Zuwena.

Sikujua. Hilo halikuandikwa. Nilimtazama Sikudhani, naye akatikisa kichwa polepole, kwamba aliliona mara nyingi akaliandika kama alivyoliona, na hakuwahi kuuliza.

"Mie nilikuwa mgonjwa," alisema Bi Mize. Hakufumbua macho. "Kabla hajaoa. Usiku wote silali, mchana ndio napata kausingizi, hapa hapa kizingitini, penye upepo. Yeye alikuwa akirudi kazini mchana. Basi alikuwa akifika kule kwenye kona anavua viatu, anavishika mkononi, anapita juu yangu ili nisiamke. Nilikuwa nikimsikia kila siku. Sikumwambia hata mara moja kwamba namsikia. Nikapona, akaoa, na ile tabia ikabaki."

Msomaji alikuwa ameshaanza mstari mwingine, na mwingine. Nyumba za chini zilikuwa zikisimama moja moja, watu wakitoka milangoni wakisalimiana. Bi Mize alibaki kwenye kiti cha kushoto, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefumbwa, anapumua taratibu.

Zuwena alimtazama bibi yake. Akainama, akavua viatu vyake vya plastiki, akavishika mkononi, akapita kando ya kile kiti kwa ncha za vidole, akaingia ndani.